Subaru iliyochemka Mazeras: kisa cha intakula kubwa na hewa iliyokosa njia

Gari lilikuja kwa kamba. Probox ya rafiki mbele, Subaru nyuma, taratibu kutoka Mazeras mpaka gereji kwangu Magongo, Mombasa. Ilikuwa Februari, kaskazi imechoka, hakuna jani linalotikisika, na saa tano asubuhi joto lishafika nyuzi 32 za Selsiasi. Kijana akashuka na uso wa mtu aliyetapeliwa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Limekupata wapi?"

"Pale pale, mlimani. Rejeta nimebadilisha, feni nimebadilisha, themostati nimeing'oa. Na bado lanichemkia."

Nikamwambia tunywe chai kwanza, gari lipoe. Sikutaka kufungua kifuniko cha rejeta cha gari lenye hasira, na pia nilitaka anisimulie polepole, maana mtu akishabadilisha vitu vitatu bila kupona, ugonjwa hauko katika vitu hivyo, au hauko katika vitu hivyo peke yake.

Gari ni Impreza WRX ya 2003, yenye injini ya EJ20 ya lita 2.0 na tabo, kile kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini, ile iliyouzwa Japani ikiwa na nguvu za farasi 250. Kiwandani, intakula yake, kile kipozaji cha hewa iliyoshindiliwa na tabo kabla haijaingia kwenye injini, hukaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Kijana aliing'oa, akaweka nyingine kubwa mbele, nyuma ya bampa: upana milimita 600, kimo 300, unene 76. Akapandisha presha ya tabo hadi bari 1.1. Lilipoanza kuchemka akanunua rejeta ya alumini, nene mara mbili ya ile ya kiwandani. Feni za kiwandani zikakosa nafasi kwa unene huo, akaweka feni mbili nyembamba. Bado likachemka. Akainua boneti kwa nyuma kwa kutia washa, vile vipete vya chuma, kwenye bawaba, ili joto litoke. Likazidi.

Vijana wetu huikata intakula wakaiita "inta", na afadhali, maana jina zima lina "kula" ndani yake, na kifaa hiki kikikosewa hula kweli.

Nilimuuliza swali ninalomuuliza kila mwenye gari linalochemka: lachemka likiwa limesimama au likiwa linakwenda? Likichemka kwenye foleni na kupoa barabarani, mshukiwa wa kwanza ni feni. Likitulia kwenye foleni na kuchemka kwenye mwendo na mzigo, tazama njia ya hewa, mzunguko wa maji, au gesi ya mwako inayopenya kwenye maji. Akaapa kwamba foleni ya feri ya Likoni, nusu saa na kiyoyozi kikiwaka, sindano haisogei. Kutoka Miritini kupanda Mazeras ndiko kuna balaa, hasa anapokaa nyuma ya lori la kontena kisha akalipita kwa kukanyaga mafuta yote.

Kiapo chake kilikuwa cha kweli, sindano ndiyo iliyokuwa ikidanganya. Sindano ya dashibodi katika magari mengi ya miaka hii imetengenezwa isimtie dereva wasiwasi: hukaa katikati joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ikiinuka ujue mambo yashaharibika. Nilipounganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na kuliacha linguruma uani kwa dakika ishirini, kiyoyozi kikiwaka, maji yalifika nyuzi 104 na sindano imekaa kama sanamu. Kwa hiyo matatizo yalikuwa mawili. Mwenyewe alikuwa akiliona moja.

Kifaa kama hicho, kinachosomeka kwenye simu, kilikuwa kimemdanganya kwa upande mwingine. Alinionyesha simu yake kwa fahari: "Tazama, ami, hewa inayoingia ni nyuzi 38 tu. Inta yafanya kazi." Katika WRX hii sensa ya joto la hewa imo ndani ya kipimahewa, karibu na chujio, kabla ya tabo. Inapima hewa ambayo haijashindiliwa. Intakula ingekuwa imejaa mchanga wa Nyali, namba ile isingebadilika. Nilitoboa tundu kwenye bomba linalotoka intakula kuelekea injini, nikatia sensa nyingine hapo, na nyingine kwenye bomba linalotoka tabo. Hapo ndipo tulipoanza kuongea lugha moja.

Kabla ya hewa nilimaliza ya lazima. Injini za EJ zina sifa mbaya ya kuharibika gasketi ya hedi, ile inayotenga gesi ya mwako na maji, kwa hiyo nilianza na ile dawa ya buluu inayofyonza mvuke wa juu ya maji ya rejeta na kugeuka manjano ikikuta gesi ya mwako. Ikabaki buluu. Alhamdulillahi, ingegeuka, kisa hiki kingekuwa kifupi na ghali. Halafu kifuniko. Magari haya ya tabo yana vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo la maji karibu na tabo, na havifanani: chenye springi kali ni cha rejeta, chepesi ni cha tangi, na mafundi huvibadilishana bila kujua. Hapa havikuwa vimebadilishana, ila cha tangi kilikuwa kimechoka, kikiachia maji kwenye bari 0.7 badala ya 1.1. Jambo dogo? Maji matupu chini ya presha ya ziada ya bari 1.1 huchemka karibu nyuzi 122. Chini ya 0.7 huchemka nyuzi 115. Nyuzi saba alizipoteza kwa kifuniko ambacho bei yake haifiki ya chakula cha mchana cha watu wanne.

Na maji yenyewe. Mtu wa pwani akisema "maji baridi" hasemi habari ya joto, asema maji yasiyo na chumvi, na rejeta ya Mombasa ndiyo inayoijua tofauti hiyo kuliko sote. Visima vya kisiwani na kando yake vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji yake huja na chokaa, na vingi vina chumvi. Kijana alikuwa akijaza kutoka kwenye mtungi wa muuza maji, bila kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. "Ami, huku hakuna barafu," akasema. Ni kweli, hakuna. Lakini kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu tu. Inazuia kutu na ulikaji wa alumini, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kwetu sioni haja ya kuchanganya nusu kwa nusu kama wanavyofanya nchi za baridi, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Naweka asilimia 30 na maji yaliyotoneshwa, basi.

Themostati, ule mlango unaofunguka maji yakipata joto ili yaende kwenye rejeta, nikairudisha. Kuing'oa ni ugonjwa wa gereji zetu. Fundi anaona gari likichemka, anatoa themostati, mteja anaondoka, na likichemka tena ni mtaa wa pili. Bila themostati injini hukimbia baridi kwenye barabara tambarare, kompyuta ikadhani haijapata joto na kumwaga mafuta zaidi, na katika injini nyingi njia ya mkato ya maji hubaki wazi, hivyo maji moto huzunguka ndani bila kupitia rejeta. Unafungua mlango kumbe umefungua dirisha la jirani.

Nikosoe mwenyewe hapa. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba rejeta imeziba kwa chokaa. Nilichukua kipimajoto cha mwanga, nikaielekeza kwenye alumini, nikasoma nyuzi 58 juu na 47 chini, nikamwambia kijana kwa sauti ya daktari: imeziba. Baadaye nikiwa nala nikakumbuka kwamba alumini inayong'aa hukidanganya kipimajoto hicho. Husoma pungufu sana kwa sababu uso ule hautoi mnururisho kama uso mweusi. Nikarudi, nikabandika vipande vya utepe mweusi wa umeme mahali tisa, nikapima juu ya utepe. Rejeta ilikuwa moto kwa usawa kutoka upande hadi upande. Haikuwa imeziba. Ilikuwa imejaa joto na haina pa kulitupa. Nilimwomba msamaha, akacheka, na ile chai ya jioni nikailipa mimi.

Basi tukaja kwenye hewa.

Tulipovua bampa niliona kila kitu kwa mara moja, na nilikaa kwenye ndoo nikatazama kwa muda. Mbele kabisa, namba ya gari, bati pana, imefungwa katikati ya mdomo wa bampa. Nyuma yake inta. Kati ya inta na kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi, kuna uwazi wa vidole vinne. Kisha kondensa, theluthi yake ya chini mapezi, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yamelika kwa chumvi ya bahari. Ukiyagusa yanageuka unga mweupe kwenye kidole. Sehemu nyingine mapezi yamelala chali kwa mashine za presha za kuoshea magari. Kisha rejeta nene. Plastiki za kiwandani zinazoielekeza hewa kutoka mdomo wa bampa hadi kwenye rejeta zilikatwa zote ili inta ienee. Bati la chini ya injini halipo. Na katika ule uwazi wa vidole vinne, pamoja na majani makavu na nzige wawili, kulikuwa na nusu ya mfuko wa plastiki, mifuko iliyopigwa marufuku nchini tangu 2017. Inta ilifungwa miaka miwili iliyopita. Sikuuliza umetoka wapi.

Ukiona hivyo huhitaji kipimo, lakini mteja huhitaji, na mimi pia, kwa sababu nilishakosea mara moja. Nilichukua mpira mwembamba wa wazi, ule wa kuvutia maji kwenye tangi la samaki, nikaupinda kama herufi U kwenye kipande cha ubao, nikatia maji yenye rangi ya chakula. Ncha moja nikaifunga mbele ya rejeta, nyingine nyuma yake, zote zikitazama pembeni zisipigwe na upepo moja kwa moja. Ubao kijana aliushika wima kwenye kiti cha abiria nami nikaendesha, barabara ya Dongo Kundu, sehemu iliyonyooka, asubuhi na mapema, kilomita 80 kwa saa.

Fikiria kwanza tunatafuta nini. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo wote unaoligonga mbele, ukisimamishwa kabisa, unaweza kuinua maji kwa milimita 29 tu. Kwa kilomita 60 ni milimita 16 au 17. Hiyo ndiyo nguvu yote uliyonayo ya kusukuma hewa kupita inta, kondensa, rejeta, na kutoka chini ya gari. Kidogo namna hiyo. Ndiyo maana kila tundu lina maana: hewa haina sababu ya kujipenyeza katikati ya mapezi elfu ikiwa kando kuna nafasi ya ngumi.

Maji kwenye mpira yalitofautiana milimita 4. Yalikuwa yakicheza, sitadai usahihi wa maabara, lakini tulirudia mara sita na hayakupita 5. Kijana aliutazama ubao, akanitazama mimi. "Yaani rejeta yote ile, nguvu yake ndiyo hii?" Ndiyo hii.

Hapa ndipo unene wa rejeta unapogeuka kuwa mzigo. Rejeta nene ina eneo kubwa la kutolea joto, sawa, lakini ni kizuizi kikubwa pia. Ukiwa na hewa ya kutosha inakulipa. Ukiwa na milimita 4, safu za mbele zinaipasha hewa moto, safu za nyuma zinapokea hewa ambayo tayari ni moto, na hazifanyi kazi ya maana. Vivyo hivyo kwa inta. Ile ya kijana ni ya aina ya mabamba na nondo, imara, nzito, inahimili joto la ghafla, lakini inaziba upepo kuliko ile ya mirija na mapezi. Kwa presha ya bari 1.1 na matumizi yake ya mjini na safari za Voi, ya mirija yenye unene wa milimita 50 na kitu ingemtosha. Milimita 76 alizinunua kwa ajili ya macho ya watu. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakupenda.

Na inta haizibi tu, inatupa joto. Hewa ikishindiliwa na tabo kwa takriban bari 1 siku ya nyuzi 32, hutoka ikiwa na nyuzi mia moja ishirini na zaidi. Sensa yangu ilisoma 124. Kuipoza hiyo mpaka hamsini na kitu, injini ikivuta kwa nguvu, ni kutupa joto la kilowati 10 hivi, sawa na kupanga pasi kumi za umeme mbele ya rejeta. Kiyoyozi nacho kinaongeza lake. Rejeta haijui kwamba nje kuna nyuzi 32. Inajua hewa iliyoifikia, na hiyo ilikuwa karibu 50. Inta ya kiwandani, ile ya juu ya injini, ina kasoro yake, inakaa juu ya moto na kwenye foleni hupata joto kama sufuria, lakini haisimami mbele ya rejeta kuiba upepo wake. Ukihamisha inta mbele ni lazima uilipe rejeta fidia. Wengi hawailipi.

Nilifanya kazi kwa awamu, na baada ya kila awamu tulipanda Mazeras saa ile ile ya saa nane mchana, kiyoyozi kimezimwa, watu wawili, gia ya tatu. Malori yalituharibia vipimo mara mbili tukarudia. Lilivyokuja, maji yalifika nyuzi 109 nikaondoa mguu. Baada ya kifuniko, themostati, kulanti, kutoa hewa kwenye mfumo huku pua ya gari ikiwa juu ya kilima, na kunyoosha mapezi ya kondensa kwa kisu cha plastiki (siku mbili za kijana wa gereji, na mgongo wake), yalifika 106. Kiyoyozi chenyewe nilimwambia kondensa itavuja karibuni, haijavuja bado.

Kisha kuziba. Nilikata bati la alumini, nikaunda kuta mbili za pembeni na dari na sakafu kutoka mdomo wa bampa hadi kwenye inta, na kutoka inta hadi kondensa, zikafungwa kwa ribiti. Kingo nikaziba kwa sponji. Mara ya kwanza nilitumia sponji ya godoro, kosa la uvivu: ilinyonya maji ya mvua ya usiku mmoja, ikalegea, kipande kikaangukia kwenye feni mjini Mtwapa na kijana akanipigia simu akidhani injini imekufa. Mara ya pili nilitumia ile sponji ngumu ya mikeka ya mazoezi, isiyonyonya maji, kama ya soli ya kandambili. Hiyo imekaa. Namba ya gari tuliishusha chini ya mdomo, bado iko mbele na inasomeka. Mpira ukasoma milimita 8. Mlima ukasoma 101.

Nyuma ya rejeta kulikuwa na kisa kingine. Feni zile nyembamba zilikuwa zimefungwa kwa vikamba vya plastiki vilivyopitishwa katikati ya mapezi, bila kava. Feni ya namna hiyo huvuta hewa ya lile duara lililo mbele yake tu; pembe nne za rejeta zinakaa bila kazi, na vikamba hivyo husaga mirija taratibu mpaka itoboke. Nikatengeneza kava ya bati linalofunika rejeta yote, feni zikakaa juu yake, na kwenye pembe nikaacha matundu yenye ndimi za mpira: gari likisimama feni inazivuta zinafunga, gari likikimbia upepo unazisukuma zinafunguka. Uani, dakika ishirini, kiyoyozi kikiwaka: maji yalipanda mpaka 97, feni zikashika, yakashuka 91, yakapanda tena. Ndimi zile zilikatwa kutoka kwenye mpira wa tairi la ndani la baiskeli.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika kisa hiki ni ya mwisho, kwa sababu ni ya kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Lile tundu la boneti lilikuwa bado liko wazi. Inta yake imeondoka, tundu limebaki kwa urembo. Gari likikimbia, linakusanya upepo na kuumwaga ndani ya chumba cha injini. Na chini, bati likiwa halipo, hewa ya barabarani inapanda juu. Na boneti iliyoinuliwa kwa washa kwa nyuma: watu hudhani joto litatokea hapo, lakini mguu wa kioo cha mbele ni mahali ambapo upepo hujazana gari likienda, presha iko juu, kwa hiyo hewa huingia pale, haitoki. Chumba cha injini kilikuwa kikipulizwa kutoka pande tatu. Hewa ya rejeta ikifika nyuma ilikuta chumba kimejaa. Tofauti ya presha ndiyo inayoisukuma, na sisi tulikuwa tukiijaza upande wa pili.

Tukatoa washa. Tukafunga bati jipya chini, kutoka bampa hadi karibu na sampo, bakuli la oili chini ya injini, likaacha mwanya nyuma wa kuvuta hewa nje. Tundu la boneti tukaliziba kwa ndani kwa bati linalotoka kwa skrubu nne, maana kwenye foleni ndefu tundu lile husaidia joto la tabo kupanda na kutoka, na nilitaka aweze kulifungua. Mpira ukasoma milimita 12. Mara tatu ya tulivyoanza, kwa rejeta ile ile na inta ile ile.

Mlima wa Mazeras: 97.

Kwenye inta napo kulibadilika bila kuigusa. Mwanzo hewa ya nyuzi 124 ilitoka ikiwa 56, siku ya nyuzi 32. Ukitaka ubora wake, gawanya joto lililotolewa kwa joto ambalo lingeweza kutolewa: 68 kwa 92, asilimia 74. Baada ya kuta za bati ilitoka 49, yaani 75 kwa 92, asilimia 81 na ushei. Nyuzi saba zinaongeza uzito wa hewa kwa asilimia 2 hivi. Hutaisikia mgongoni, na anayekuambia ataisikia anakuuzia kitu. Faida yake ni kwamba injini haigongi mapema kwenye mafuta yetu ya petroli siku ya joto, na hiyo ndiyo inayookoa pistoni.

Kijana alikuwa na mawazo mengine. Alitaka kuipaka inta rangi nyeusi. Nikamwambia rangi nyepesi haidhuru wala haisaidii kitu cha kupimika, nzito ni blanketi. Alitaka kiburudisha-maji cha kuirushia inta matone, kama kile walichokiweka kiwandani kwenye STI, ndugu kali wa WRX. Matone hupoza kwa kukauka, na hewa ya Mombasa imelowa tayari, inayakausha kwa shingo upande. Juu ya hayo, ukitia maji ya kisima unajenga chumvi juu ya mapezi. Akasema rafiki yake wa Nairobi ana gari kama hili, halina kuta wala bati, na halichemki. Inawezekana. Kule hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, inabeba joto pungufu, lakini ni baridi zaidi kwa nyuzi kumi, na mambo haya mawili karibu yanafutana. Mwambie rafikiyo ashuke nalo Februari, apande Mazeras saa nane, kisha tuongee.

Lililobaki ni tundu moja chini ya taa ya kulia, nyuma ya honi, ambalo sikulifikia bila kuvua bampa upya. Ngumi ya mtoto hupita. Amesema atalileta kusi ikianza, tuzibe, na ameniuliza kama nina rejeta ya kiwandani kwenye rafu. Ninayo. Aliniuliza pia, akiwa tayari ameingia garini na injini inawaka, kama tabo kubwa zaidi ingeenea pale.

"Washa kiyoyozi uende zako," nikamwambia.